Mwanasesere Aliyeitwa Tamu

Mtu wa pwani apandapo Meru hutarajia kuonyeshwa miraa ya Nyambene, kahawa na mashamba ya majani chai, na jioni apigwe na baridi ya Mlima Kenya mpaka aikumbuke blanketi aliyoiacha Mombasa. Hatarajii kuonyeshwa mtoto wa bandia. Tena si mtoto wa bandia wa hivi hivi, bali mwenye jina la Kiswahili safi, aliyezaliwa Los Angeles, Marekani, katika kiwanda chenye jina la Kiswahili pia. Jina la mtoto ni Tamu. Jina la kiwanda lilikuwa Shindana.

Mwenye Tamu ni mwalimu mstaafu wa kike, ambaye ameniomba nisimtaje, kwa sababu wiki haipiti bila mtu kumpigia simu akitaka kununua. Marehemu kaka yake alisoma California mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliporudi alileta vitu vitatu: shahada, koti zito na mwanasesere mweusi ndani ya sanduku lake la karatasi ngumu. Shahada imo fremuni ukutani. Koti limekwisha kuliwa na nondo. Mwanasesere yumo kabatini, nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya harusi.

Urefu wake haufiki dhiraa moja. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, nywele zake fupi na za kipilipili kama alivyoziumba Mola kwetu sisi, pua pana, midomo iliyojaa. Mgongoni ana uzi. Zamani ukiuvuta na kuuachia alisema, kwa sababu tumboni mwake mna kisahani kidogo cha sauti, mfano wa santuri. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza cha vijana weusi wa mitaa ya Marekani, ya kujivunia weusi na ya mzaha mzaha. Siku hizi ukivuta hutoka mkwaruzo tu, kama wa redio iliyopoteza stesheni. Wajuzi wa vitu hivi husema mara nyingi kinachokufa ni mpira mdogo unaozungusha kisahani, nao haukutengenezwa ukae miaka hamsini.

Sasa msomaji atauliza, Kiswahili kilifikaje kiwandani Los Angeles?

Mwezi wa Agosti, 1965, mtaa wa Watts katika mji huo uliwaka moto. Ghasia zilidumu siku sita, na watu 34 wakafa. Chanzo kilikuwa polisi kumkamata kijana mmoja mweusi barabarani, lakini kuni zilikuwa zimepangwa kitambo: ukosefu wa kazi, nyumba mbovu na dharau. Majivu hayajapoa, watu wawili, Lou Smith na Robert Hall, wakaanzisha chama walichokiita Operation Bootstrap, kuwafundisha watu wa mtaani kazi za mikono na biashara zao wenyewe. Mwaka 1968, kutokana na chama hicho, kikazaliwa kiwanda cha Shindana. Kampuni ya Mattel, ile ile inayotengeneza Barbie, iliwapa mtaji, mitambo na mafunzo. Kiwanda kikawa cha watu weusi wenyewe.

Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeshika moto wa namna nyingine huko. Mwaka 1966, katika mji huo huo, Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa, jina alilolitoa katika matunda ya kwanza. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Miriam Makeba na Harry Belafonte walikuwa wamewaimbia Wamarekani Malaika katika sahani yao. Kijana mweusi aliyetaka lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja alikichukua Kiswahili, ijapokuwa babu zake yamkini walitoka pwani ya magharibi ambako Kiswahili hakisemwi. Sisi wenye lugha tulikuwa tumelala, wala hatukuulizwa.

Mwanasesere wao wa kwanza, mwaka 1968, aliitwa Baby Nancy. Baada yake walikuja kina Malaika, Tamu na Zuri. Hapa mshairi hawezi kunyamaza. Shindana huko hutafsiriwa kuwa ni mshindani, nasi tunajua si jina bali ni amri: nyinyi wawili, haya, shindaneni! Kile kiungo cha mwisho hakimruhusu mtu kushindana peke yake, lazima awepo wa pili. Na wa pili alikuwepo, tena rafuni pale pale dukani: mwanasesere wa kizungu mwenye nywele za dhahabu. Ama Zuri na Tamu, hao ni sifa zilizoachwa bila kichwa. Jicho ni zuri, embe ni tamu, lakini mtu ni mzuri na mtu ni mtamu. Mjukuu wa mwalimu, binti wa miaka minane anayekaa na wazazi wake Embu, aliligundua hilo bila kusomeshwa sarufi. Alimwambia bibi yake kwamba tamu ni chai, si mtoto, akambatiza mwanasesere jina la Makena, ambalo kwa Kimeru ni mtu wa furaha. Nionavyo mimi, katafsiri vizuri kuliko kiwanda.

Lakini tusiwacheke sana wa Los Angeles. Embu nako kuna mtaa uitwao Dallas, na sijaona farasi hata mmoja pale.

Thamani ya Shindana haikuwa katika sarufi. Miaka ya 1940, wataalamu wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwawekea watoto wadogo wanasesere weupe na weusi, wakawauliza yupi mwema na yupi mbaya. Wengi wa watoto weusi walimchagua mweupe kuwa ndiye mwema. Ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954, iliyoharimisha kutenga shule kwa rangi. Na hata wale wanasesere weusi waliopatikana madukani, wengi walikuwa ni mzungu aliyepakwa rangi. Mattel yenyewe ilipotoa Francie mweusi mwaka 1967, ilitumia kalibu ya uso wa yule mweupe. Shindana walichonga uso upya, na nywele wakazifanya za kipilipili. Ndilo jambo lililomfanya yule mwanafunzi wa Kimeru, katika duka la ugenini, atoe fedha zake chache kumnunulia dada yake.

Dada huyo utotoni alikuwa amejitengenezea wanasesere wake mwenyewe: gunzi la hindi kwa mwili, nyuzi za mgomba kwa nywele, kitambaa kuukuu kwa kumfunga mgongoni. “Wangu wote walikuwa weusi, Ustadhi,” aliniambia, akiitazama kofia yangu. “Sikujua kuna mahali mtoto mweusi lazima atengenezwe na kiwanda ndipo aaminike.”

Kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Lou Smith alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1976 kwa ajali ya gari. Tangu hapo wanasesere wa Shindana hawatoki tena, na kisichotoka tena hutafutwa. Mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa katika orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea, kwenye jumba la The Strong mjini Rochester, jimbo la New York. Wanunuzi wakazidi. Hao hutaka mwanasesere aliye na nguo zake, aliye na sanduku lake, na bora kuliko yote asiyeguswa na mtoto.

Tamu wa Meru ana kasoro moja kubwa machoni pao. Gauni aliloletwa nalo lilichanika zamani, na mwalimu akamshonea jingine kwa kipande cha leso. Mnunuzi mmoja alimwambia kwamba leso hiyo imempunguzia bei. Mwalimu akamjibu kwamba leso hiyo ndiyo iliyomfanya Mwafrika.

Matunzo yake ni ya kutumia akili tu. Hamweki juani, maana plastiki hupauka. Hamfungi katika mfuko wa nailoni, maana jasho la plastiki likikosa pa kutokea humfanya anate. Nywele hazichani kwa nguvu. Hali ya hewa ya Meru inamsaidia. Kwetu, kwa chumvi na vuke la bahari, sidhani kama angefika alipofika.

Fitina ilianzia kwa jamaa. Mpwa wake anayekaa ng’ambo anataka Tamu auzwe wakati soko lina moto. Jirani anashauri apelekwe katika jumba la makumbusho la Meru, lile lililo katika ofisi ya zamani ya Mkuu wa Wilaya, akae na mikuki na vibuyu. Na mjukuu wa Embu anataka kucheza naye, basi.

Mwalimu aliniuliza dini yangu inasemaje kuhusu sanamu. Nikamwambia mimi ni mtu wa gazeti, fatwa zina wenyewe. Ila nilimhadithia yaliyopokewa, kwamba Bi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alikuwa na wanasesere akicheza nao na wenzake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na siku moja Mtume alimwona ana farasi mwenye mabawa, akamuuliza, naye akamjibu, akacheka. Kwa hiyo wako maulamaa walioruhusu wanasesere kwa watoto, huku wakilichukia sanamu la kuwekwa kuwa pambo. Mwalimu, ambaye ni Mmethodisti wa kuzaliwa, alifikiri kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. “Basi kumbe kwenu wa kosa ni kabati langu, si mtoto!”

Likizo iliyofuata alimfunga Tamu katika leso, akamtia ndani ya kiondo, akapanda naye matatu kwa njia ya Chuka mpaka Embu. Nimepata habari kwamba kwa sasa Makena, maana huko ndilo jina lake, analala kitanda kimoja na mwenyewe, na kwamba ule uzi wa mgongoni umekatika kabisa.

Sanduku la karatasi halikwenda. Limebaki Meru kabatini, na wanunuzi wameanza kuliulizia.