Tambarare ya pwani haina huruma kwa miguu iliyochoka

Mkimbiaji aliyetoka kupanda na kushuka njia ya Mweka kwenye Kilimanjaro Marathon mjini Moshi mwishoni mwa Februari, akialikwa na marafiki kukimbia kilomita 42 kando ya bahari jijini Dar es Salaam, huona amepata mteremko. Pwani hakuna mlima. Lakini wanaokimbia huku kila wiki wanajua kuwa tambarare ina adhabu yake, na kwamba miguu iliyochoka huigundua mapema.

Mlimani misuli hupokezana kazi. Ukipanda, makalio na nyuma ya miguu hubeba mzigo. Ukishuka, mapaja ndiyo yanayofunga breki. Kwenye tambarare, misuli ileile hurudia kazi ileile kwa maelfu ya hatua bila kupumzika. Aliyeshuka Mweka karibuni huanza na hasara, kwa sababu kuteremka hulazimisha mapaja kukaza huku yakivutwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Nyuzi hizo huhitaji wiki kadhaa kupona, hata kama maumivu yenyewe huisha ndani ya siku chache.

Juu ya hayo kuna hali ya hewa. Mwezi Machi, kabla ya masika, Dar es Salaam huwa na joto na unyevunyevu mwingi. Jasho hutiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule ambao kule Moshi ungekuwa wa mazoezi tu.

Ndiyo maana kundi letu lilipojipangia mbio za kilomita 42 kando ya bahari, hatukubishana kuhusu saa ya kuanza: saa kumi alfajiri, Coco Beach. Njia ilikuwa kupita Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 na linalokatiza juu ya bahari kwa takriban kilomita moja, kisha Barabara ya Barack Obama hadi soko la samaki la Feri na kurudi, mpaka umbali utimie. Sharti lilikuwa moja: mwendo ni wa aliye nyuma kabisa, na asiyeweza kutamka sentensi nzima bila kuhema apunguze.

“Mdogo mdogo, jamani, hakuna anayekimbizwa,” kaka mkubwa wa kundi alirudia kila vijana walipochomoka.

Alfajiri Feri ilikuwa imeshaamka. Wavuvi walikuwa wakishusha vibua na changu kwenye mabeseni, madalali wakinadi, na maji ya samaki yakitiririka hadi barabarani. Hapo tulitembea. Kutembea mapema, kabla mwili haujaomba, ni akiba kubwa kwa miguu iliyochoka.

Baada ya kilomita 30, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini ilianza kuisha. Jua lilikuwa juu, na darajani hakuna kivuli. Dada mmoja alisimama ghafla, akashika ukingo. Msuli wa nyuma ya mguu wake ulikuwa ukiruka chini ya ngozi, tunauona. Mwenzetu akapiga magoti, akashika kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine akasukuma vidole taratibu kuelekea kwenye goti, mpaka msuli ukalegea.

“Pole dada. Leo inatosha,” akamwambia.

Alikubali, akatangulia kwa bajaji hadi Coco. Tulipofika tukamkuta ameshanunua madafu na ametuandalia chumvi. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi kwenye jasho. Siku hiyo aliyeacha mbio ndiye aliyetusaidia kuliko wote.

Hata mabingwa huitunza miguu ndani ya kundi. Tarehe 15 Septemba 2025, katika joto na unyevunyevu wa Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Nguvu aliyomaliza nayo ni ile ambayo hakuitumia mapema.

Kwa wanaoandaa mbio za pwani, rai yangu ni kwamba mbio ndefu zianze kabla ya kupambazuka, na maji yawe na chumvi. Kwa mkimbiaji: uchovu wa mwili mzima unaweza kwenda nao polepole, lakini maumivu yanayochoma sehemu moja ni amri ya kusimama. Ukiwa umechoka, usikimbie peke yako. Tafuta marafiki walio tayari kwenda mwendo wako, na siku ya kwao, nenda mwendo wao.