Kivuli Kisichojua Asubuhi wala Alasiri

Nahodha ambaye chombo chake kimetia nanga Mombasa, akiulizwa Unguja iko wapi, hatajibu kwamba iko maili kadha wa kadha kusini na nyingine kadha magharibi. Atanyosha mkono upande mmoja tu, kisha atataja urefu wa safari. Mchora ramani naye, aliyezoea mistari inayokatana kama miyaa ya jamvi, atatoa tarakimu mbili, moja ya kwenda ubavuni na moja ya kupanda au kushuka, wala hataona haja ya kunyosha mkono. Habari ni moja, lugha ni mbili. Na kazi ya kufasiri kutoka lugha ya ramani kwenda lugha ya nahodha, ambayo kwa nje yaonekana nyepesi, ina mtego ndani yake uliowanasa wanafunzi wengi na mafundi wa kompyuta wasio wachache, na mimi mwenyewe sikusalimika.

Na tuufuate mfano huo huo. Mombasa iko daraja 4 na dakika 3 kusini ya Ikweta, na daraja 39 na dakika 40 mashariki ya Greenwich. Mji wa Unguja uko daraja 6 na dakika 10 kusini, na daraja 39 na dakika 12 mashariki. Kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya baharini, na dakika ya longitudo katika nchi zetu hizi zilizo jirani na Ikweta haipungui hapo ila kwa kiasi kidogo mno, twapata kwamba Unguja iko maili 127 kusini ya Mombasa na maili 28 magharibi yake. Wanahisabati, ambao kwao mashariki na kaskazini ni chanya, na magharibi na kusini ni hasi, wataandika jozi hii: (−28, −127).

Umbali haupatikani kwa taabu. Zidisha 28 kwa 28 upate 784, na 127 kwa 127 upate 16,129. Jumlisha, utafute kipeuo cha pili, nacho ni 130. Alama za hasi zimekwisha potea njiani, lakini hazikuacha pengo, maana umbali haujali upande.

Pembe ndiyo yenye fitina. Kanuni iliyoandikwa vitabuni kwa herufi kubwa husema: gawanya tarakimu ya pili kwa ya kwanza, kisha uliulize jedwali la tanjenti ni pembe gani yenye nisba hiyo. Tukigawanya −127 kwa −28 twapata 4.54, na jedwali latujibu bila kusita: daraja 77.6, zikihesabiwa toka mashariki kupanda kaskazini. Nahodha atakayeitii hesabu hiyo ataipa Unguja mgongo na kuelekea kaskazini, akipinda mashariki kidogo tu. Na kwa kuwa pwani ya kwenda Kilifi imelalia mashariki zaidi kuliko mstari huo, hata bahari hataipata, bali chombo kitalazimika kupanda nchi kavu na kupasua katikati ya minazi ya watu.

Ajabu ni kwamba katika hesabu ile hakuna hatua iliyokosewa. Hasi ikigawanywa kwa hasi huzaa chanya, na chanya kwa chanya huzaa chanya vilevile. Kwa hiyo nisba ya aliye kusini-magharibi na nisba ya aliye kaskazini-mashariki hutoka tumbo moja, wala jedwali, hata liwe na desimali ishirini, haliwezi kuwabagua mapacha hao. Kilichopotea hakikupotea kwa uzembe wa mhesabu, kilipotea katika kugawanya kwenyewe.

Wataalamu wa falaki wa Kiislamu walikuwa na jina la nisba hii lililo wazi kuliko hili letu la leo, maana tanjenti ni neno lililotungwa na Thomas Fincke, mtu wa Denmark, mwaka 1583, nalo lahusu mstari unaogusa duara. Wao waliiita *dhill*, yaani kivuli. Na Habash al-Hasib wa Baghdad alitengeneza jedwali la vivuli tangu karne ya 9, na al-Biruni baada yake akakitungia kivuli kitabu kizima. Jina hilo latufaa sana hapa, kwani yeyote aliyepata kuchomeka kijiti mchangani ili aujue wakati wa sala anafahamu kwamba urefu wa kivuli peke yake hautoshi: kivuli kilicholingana na kijiti chake huonekana asubuhi, kikaonekana tena alasiri, na urefu ni ule ule. Anayetaka kujua saa hupima urefu, naam, lakini pia hutazama kimelalia wapi, magharibi au mashariki. Mwanafunzi wetu alipima akasahau kutazama.

Dawa basi ni kuzitazama alama mbili kabla ya kugawanya, maana baada ya hapo hazipatikani tena. Tarakimu ya kwanza ikiwa chanya, jibu la jedwali ni sahihi kama lilivyo, ingawa huenda likawa hasi, na mtu asiyependa pembe hasi ataliongeza 360. Ikiwa hasi, jibu liongezwe 180, yaani mtu ageuzwe atazame nyuma yake. Ikiwa sufuri, kugawanya hakuwezekani wala hakuhitajiki, kwa sababu safari ni ya kaskazini moja kwa moja au kusini moja kwa moja. Na zikiwa sufuri zote mbili? Basi hapana pembe yoyote: aliyekwisha fika haulizi njia. Mimi huona ni kosa la vitabu kuiandika kanuni kwa wino mnene na nyongeza hii kwa herufi za pembezoni, hali nyongeza ndiyo elimu yenyewe na kugawanya ni kazi ya kikokotoo.

Waliotunga lugha za kompyuta waling'amua hayo mapema. Fortran ya IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na amri iitwayo ATAN2, ambayo haitaki kupewa nisba iliyokwisha gawanywa. Hutaka tarakimu zote mbili, kila moja na alama yake, kisha yenyewe huchagua robo ya duara. Mtego mpya ukazaliwa hapo, kwani Fortran hutaka kwanza ile ya kaskazini ndipo ya mashariki, na Excel hutaka kinyume chake.

Tuirudie Mombasa. Daraja 77.6 tukiziongeza 180 twapata 257.6, nayo ndiyo pembe ya mwanahisabati, aanzaye mashariki na kuzunguka kwa kupitia kaskazini. Dira ya nahodha huanza kaskazini na kuzunguka kwa kupitia mashariki, kwa hiyo twatoa 257.6 katika 90, twaongeza 360, twapata 192.4: kusini, ikipinda magharibi kwa daraja zipatazo 12. Mabaharia wa Kiarabu waliigawa dira mafungu 32, kila fungu daraja 11 na robo, na fungu la kwanza upande wa magharibi wa kusini walilipa jina la machweo ya Sulbar, nyota ambayo Wazungu huiita Achernar. Nahodha wa msimu wa kaskazi angeliweka omo hapo na kuachia tanga, huku akijua kwamba mstari huo, ukiachwa uende ulivyochorwa, utamfikisha ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako itambidi aupindishe apite nje ya Tumbatu.