Brashi ya kufuta madoa ikigoma kwenye Photoshop

Umeletewa picha ya harusi ya bibi, imeingia madoa ya ukungu, na nakala ni hiyo moja tu. Unaiskani, unaifungua kwenye Photoshop, unapitisha brashi ya kufuta madoa, lakini doa liko pale pale. Usikimbilie kufuta programu na kuiweka upya.

Mara nyingi tatizo ni tabaka. Ukifungua tabaka jipya ili usiharibu picha ya asili, na ni vyema ufanye hivyo, tabaka hilo ni tupu. Brashi haina cha kunakili. Weka alama kwenye “Sample All Layers” juu ya skrini, kisha ujaribu tena.

Doa likiacha kivuli cheusi, huenda uko karibu na nywele au mtandio, kwani brashi huazima rangi za jirani. Ipunguze ilizidi doa kidogo tu, ubofye mara moja moja bila kuburuta. Ukingoni kabisa tumia stempu ya kunakili: shikilia Alt, bofya mahali safi, kisha upake.

Chunga jambo moja. Alama ya kuzaliwa si doa. Ukiifuta shavuni, wajukuu watauliza huyu ni nani.