Je, Wajua? Glavu Haina Joto Lake

Mtu aliyetoka Nakuru au Arusha akajikuta anakwenda kazini kwa baiskeli Minneapolis, Marekani, mwezi Januari, hununua glavu nene kuliko zote, zinazobana barabara. Vidole vikianza kumuuma analaumu glavu. Anaionea bure. Glavu haizalishi joto hata chembe. Hulinda tu joto linaloletwa na damu, na kinga yenyewe ni hewa tulivu iliyonaswa katikati ya nyuzi. Glavu inayobana huifukuza hewa hiyo, kisha huikamua na mishipa.

Kidole hakina misuli ya kukikunja. Misuli hiyo iko kwenye kigasha na huvuta kano zinazopita kiganjani, kwa hiyo kidole hutegemea joto la kuletewa. Katika ncha zake mna njia za mkato zinazopeleka damu kutoka ateri hadi vena bila kupitia kapilari. Kifua au shingo ikipigwa na baridi, mwili huzifunga njia hizo ili joto libaki karibu na moyo. Ndiyo maana boshori na koti la kuzuia upepo huweza kupasha vidole kuliko glavu ya bei mbaya.

Mwaka 1930 daktari Thomas Lewis wa Uingereza alieleza jambo la ajabu zaidi. Ukitumbukiza kidole kwenye maji ya barafu, mishipa hujifunga na maumivu huanza. Baada ya dakika kama 5 hadi 10 hufunguka yenyewe, kidole kikapata joto, kisha hujifunga tena, na mzunguko huo hujirudia. Wapo wanaokaribia kugeuza baiskeli warudi nyumbani, mara vidole vinapata uhai. Lakini si wote. Tafiti za wanajeshi zimeonyesha kuwa wenye asili ya Afrika, kwa wastani, hupata kufunguka huko kwa uhafifu na huumizwa na baridi mara nyingi zaidi. Jambo hili lilistahili kuambiwa kila mhamiaji wetu anapowasili, wala halihusiani na uzembe wala kudeka.

Na upepo wa baiskeli unajitengenezea mwenyewe. Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, baridi ya nyuzi −10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupoza ngozi kana kwamba ni −18.

Dawa yake si ghali. Ndani vaa glavu nyembamba za sufu, kwa kuwa sufu hunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Pamba iache nyumbani. Juu ya zile za sufu vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Zinachekesha, lakini upepo haupenyi. Jasho litabaki ndani, basi ukifika zigeuze zikauke. Baridi ikizidi, tafuta zile za mfuko, ambamo vidole vinne hupashana joto pamoja. Kama breki na gia zinakushinda, zipo zilizogawanywa viwiliviwili mithili ya gando la kaa.

Kinachoniudhi ni kwamba glavu nzuri za kuchezea theluji hujaa kwenye maduka ya mitumba huko huko Marekani kwa dola chache, huku mtu akikopa kununua mpya. Zisiponunuliwa hufungwa kwenye marobota na kuvuka bahari, nyingine zikaishia soko la Gikomba, Nairobi, kusikoanguka theluji.

Matumizi mengine ya glavu: kupangusa barafu kwenye kiti, kurudishia mnyororo ulioruka, kukinga viganja ukianguka, na kufuta kamasi. Kile kitambaa laini kwenye gumba la glavu nyingi za baiskeli kimeshonwa kwa kazi hiyo hasa.