Ramani Isiyolipiwa

Mtaa usioonekana kwenye ramani ni rahisi kusahauliwa siku ya maafa. Hivyo tuangalie ramani ya intaneti ambayo hata sisi tunaweza kuichora bila malipo: OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast.

Namna yake ni hii. Mchoraji hufungua picha ya setilaiti, akafuatisha barabara na mapaa ya nyumba. Lakini picha ya angani haitaji jina la mtaa, wala haionyeshi kina cha mfereji. Hayo huyajua mkazi.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria wa mwaka 2015 uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi, wakaandika barabara, nyumba na mifereji katika kata zenye mafuriko, kama Tandale. Kwa ramani hiyo hujulikana maji yatapita wapi na nani atafikiwa kwanza.

Basi atakayepata kompyuta aanze na mtaa wake. Ila aandike alichokiona, si alichosikia, kwani kosa la mmoja huwapoteza wengi.