Haloperidoli: sababu gani usiiache siku unajisikia umepona

Leo tuzungumzie dawa moja ambayo iko katika nyumba nyingi za kwetu, lakini watu wanaitaja kwa sauti ya chini: haloperidoli. Wengi wanaijua kwa jina la Haldol. Wanaiandika kwa mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayeamini kwamba majirani wanataka kumuua, ao ambaye maneno yake yamevurugika kabisa. Magonjwa ya namna hiyo mara nyingi huanza katika ujana, ni kusema katika umri wetu sisi. Kwa hiyo hata kama wewe ni mzima, siku moja unaweza kuombwa kumsaidia mwenzako wa chumba, mdogo wako ao yaya yako.

Dawa hii ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen. Mbele yake kulikuwa kloropromazini (Largactil), ambayo waganga wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wa akili mwaka 1952. Zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Si dawa za kulevya, na si sumu. Lakini zinataka kutumiwa kwa akili.

INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Katika ubongo kuna kitu kinachoitwa dopamini. Kinasaidia kupeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Katika ugonjwa huu, dopamini inafanya kazi kupita kiasi katika sehemu fulani za ubongo, na mgonjwa anaanza kuona maana kubwa katika vitu vidogo: mtu akikohoa barabarani, yeye anafikiri ni alama. Haloperidoli inapunguza nguvu ya dopamini. Mgonjwa anaweza kutulia na kulala siku za kwanza, lakini sauti na mawazo ya hofu vinachukua majuma kadhaa ili vipungue. Usiseme siku ya tano kwamba dawa imeshindwa.

Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo inaongoza pia mwendo wa misuli. Ukielewa hapo, utaelewa matatizo karibu yote ya dawa hii.

SHINGO IKIPINDA

Katika siku za kwanza, zaidi kwa vijana wanaume, shingo inaweza kupinda, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka ao taya likakaza. Inaogopesha sana. Hapo ndipo jamaa wanasema «wamemuroga» ao «dawa inamuua», na vidonge vinatupwa. Kumbe ni jambo ambalo waganga wanalijua vizuri. Kuna shindano la kulegeza misuli, na mara nyingi mtu anarudi sawa ndani ya nusu saa. Mpeleke hospitali mara moja, zaidi sana kama anapumua kwa shida, na uonyeshe dawa aliyomeza.

Tatizo lingine linajificha: mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anatembea, anarudi, miguu haitulii. Jamaa wanafikiri kichaa kinapanda, wanamwongezea kidonge. Hapo wanaharibu zaidi, juu huenda ni dawa yenyewe inayomsumbua. Muulize: «Unasumbuliwa na mawazo, ao ni mwili unakataa kutulia?» Kisha upeleke jibu lake kwa muganga. Yeye anaweza kupunguza kipimo ao kubadilisha dawa. Umwambie pia ukiona midomo ao ulimi vinachezacheza vyenyewe kisha miezi mingi ya dawa.

SI KILA HOMA NI MALARIA

Hii sehemu usiisahau. Mara chache, dawa za aina hii zinaleta hali ya hatari kubwa: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho jingi, na akili kuchanganyikiwa. Kwetu, mtu akiwa na homa tunasema malaria, tunanunua dawa kwenye farmasi ya karibu. Malaria kali pia inachanganya akili, kwa hiyo kipimo cha damu ni lazima. Lakini kama mgonjwa anatumia haloperidoli na mwili wake umekakamaa, usimpe kidonge kingine cha haloperidoli mbele ya kumwona muganga. Mkimbize hospitali, hata kama ni usiku.

Na kama ni malaria kweli, umwambie anayemtibu kwamba mgonjwa yuko kwenye haloperidoli. Kinini na Coartem zinaweza kugusa mapigo ya moyo, na haloperidoli vilevile. Muganga ndiye anayejua namna ya kuzipanga. Primpéran, ile ya kuzuia kutapika, nayo inapunguza dopamini: zikikutana, misuli inakakamaa kwa urahisi zaidi. Pombe na tramadoli zinaongeza usingizi mzito. Bangi inaweza kuamsha ugonjwa wenyewe.

HATARI KUBWA INAKUJA WAKATI WA KUPONA

Mgonjwa amerudi masomoni, anacheka, analala vizuri. Anajiuliza: dawa ya nini tena? Anaacha. Kesho yake hakuna kitu. Juma linapita, hakuna kitu, hata mwezi. Anaamini alikuwa na haki. Ugonjwa unaweza kurudi kisha majuma ao miezi, na watu hawakumbuki tena kwamba dawa iliachwa: wanamtafuta mchawi. Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, kufikiri juu ya kuacha kunangoja miezi mingi bila dalili yoyote, na hapo ni kwa kupunguza polepole pamoja na muganga.

Wengine wanaacha kwa sababu wanayoona haya kuisema: nguvu za kiume zimepungua, ao msichana hapati tena hedhi. Yote hayo yanaweza kutoka kwa dawa, na yana jibu. Mwenye mimba pia asiache peke yake. Aonane na muganga haraka.

MAMBO YA KUSHIKA KILA SIKU

– Soma miligramu, usihesabu vidonge tu. Kidonge cha 5 mg si sawa na cha 1 mg, hata kama vinafanana.
– Umesahau? Meza unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, ruka. Usimeze mara mbili.
– Usingoje kidonge cha mwisho ndipo utafute pesa.
– Asubuhi amka polepole, juu kizunguzungu kinaweza kukuangusha.
– Usimfiche mgonjwa dawa ndani ya fufu. Siku akijua, hatakuamini tena, na chakula atakikataa.
– Maombi na dawa havigombani. Ukiingia katika kufunga, vidonge viendelee.

Bukavu iko Sosame, Goma iko Tulizo Letu: vituo vya kutibu wagonjwa wa akili. Mwenzako akisema «nimepona, naiacha», usimkaripie. Mwambie: «Sawa, tuende wote tumwambie muganga.» Mpaka siku ile, aendelee kumeza.