Tahadhari katika Kunakili Diski Dhahania

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa kuwa kumbukumbu nyingi zilizokuwa zikitunzwa katika majalada ya masjala sasa zimo ndani ya kompyuta. Katika ofisi kubwa huwekwa kwenye ghala la diski, yaani kasha lenye diski nyingi zinazofanya kazi pamoja. Ghala hilo huigawia kila seva sehemu yake, nayo seva huiona sehemu hiyo kuwa ni diski moja kamili. Hiyo ndiyo diski dhahania.

Diski hiyo hunakiliwa kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Nakala ya papo hapo huwa tayari kwa sekunde chache, kwani mwanzoni hakuna kinachohamishwa. Ghala huhifadhi tu taarifa za zamani kila zinapobadilishwa. Zisizobadilika huendelea kusomwa kutoka diski ya asili. Hivyo asili ikiharibika, nakala nayo imekwisha, na katika maghala mengi nafasi iliyotengwa ikijaa nakala hubatilika. Nakala kamili huchukua saa nyingi na huhitaji nafasi isiyopungua ile ya asili. Ni marufuku kuifuta diski ya asili kabla kazi hiyo haijamalizika.

Kabla ya kunakili, programu inayotumia diski isimamishwe kwa muda, na taarifa zilizomo katika kumbukumbu ya seva ziandikwe kwanza kwenye diski. Nakala ya hifadhidata ya mishahara iliyochukuliwa katikati ya malipo huweza kuonesha fedha zilizotoka lakini hazijamfikia mtu. Aidha, nakala hubeba alama ile ile ya utambulisho wa asili. Isiunganishwe na seva yenye asili yake, kwani seva huweza kushindwa kuzitofautisha.

Hata nakala kamili si kinga ikiwa imo katika kasha lile lile. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulioanzia kwenye betri ulizuka katika kituo cha kompyuta cha Serikali huko Daejeon, Korea ya Kusini, na huduma zaidi ya 600 zikasimama. Ghala la nyaraka za watumishi lenye terabaiti 858 liliteketea bila ya kuwa na nakala nje ya kituo. Walioathirika zaidi ni watumishi wa wizara inayosimamia utumishi wa umma, ambao walikuwa wametakiwa kuweka nyaraka zao zote humo. Agizo hilo lilikuwa la nidhamu njema. Kilichokosekana ni nakala ya pili.

Kwa ofisi za Unguja, nakala ya pili ni bora iwekwe Pemba, na za Pemba ziwekwe Unguja. Ofisi isiyo na uwezo huo itumie diski ya nje inayofungiwa katika jengo jengine, na kila baada ya miezi mitatu ifunguliwe katika seva ya majaribio ili kuhakikisha kuwa inasomeka.